Rimu Zilizolika kwenye Baiskeli ya Zamani ya Mbio: Dalili, Chanzo na Namna ya Kuzibadilisha

Habu nzuri, yaani kitovu cha gurudumu, ya baiskeli ya mbio ya miaka ya 1970, ikifunguliwa na kutiwa grisi mpya kila mwaka, inaweza kumzika mwenyewe na kuendelea kumzungukia mjukuu. Rimu, lile duara la nje linalobeba tairi, haina umri huo. Rimu ni soli ya kiatu: kila ukibana breki unaipiga msasa, na sisi wa Mombasa msasa tunao wa kutosha, mchanga wa ufuoni na vumbi la mawe ya matumbawe. Juu yake kuna chumvi ya bahari inayoitafuna pale ambapo breki haifiki. Kwa hiyo mtu akiniletea Peugeot au Raleigh ya zamani na kuniambia, "Ami, magurudumu yamechoka, niyatupe ninunue mapya?" mimi humwambia asitupe kitu mpaka tujue kilichochoka ni kipi. Mara nyingi ni rimu peke yake.

Haya yanahusu baiskeli zenye breki za kubana rimu na rimu za alumini. Anza na dalili uliyo nayo.

Ubavu wa rimu umeingia ndani

Hii ndiyo dalili inayopuuzwa kuliko zote, kwa sababu gurudumu huwa bado linazunguka bila kuyumba. Safisha ubavu kwa maji na sabuni, kisha simamisha rula ya chuma pale raba za breki zinapogusa. Tazama ukiwa umeuelekea mwanga. Ubavu mpya ni bapa; ukiona mwanga unapenya kati ya rula na rimu, breki zimeshachimba bonde.

Bonde linakuambia kuna tatizo, lakini halikuambii limebaki kiasi gani. Lazima upime unene. Ukuta wa rimu ya alumini ikiwa mpya huwa na milimita 1.3 hadi 1.5 hivi. Rimu ikifika milimita 1 naanza kutafuta nyingine. Ikifika 0.8 siipandi tena, hata kwa safari ya dukani. Rimu nyingi za kisasa zina kijishimo au mfereji mwembamba ubavuni unaofutika rimu ikiisha. Za zamani hazina alama hiyo, na ndiyo maana wengi huzipanda mpaka zipasuke.

Vernia ya kawaida, kile kipimio cha unene chenye meno mawili, itakudanganya hapa. Mdomo wa juu wa ukuta ni mnene kuliko sehemu iliyolika, na meno ya vernia hukamata mdomo. Kata vipande viwili vya spoki namba 14, ambayo ina unene wa milimita 2. Laza kimoja kwa ndani, chini ya mdomo, na kingine kwa nje, ndani ya bonde. Vibane vyote pamoja na ukuta kwa vernia, kisha toa 4. Ukisoma 5.1, ukuta umebaki 1.1. Pima sehemu sita au zaidi, pande zote mbili, na usitafute wastani. Palipo pembamba kuliko pote ndipo patakapopasuka.

Nasisitiza kwa sababu ya nguvu iliyofichika humo ndani. Tairi la milimita 25 likijazwa paundi 100, kila sentimita moja ya ukuta inavutwa kwa nguvu ya karibu kilo 9, mzunguko mzima, usiku na mchana, hata baiskeli ikiwa imeegeshwa barazani. Iache juani mchana kutwa, joto lake lipande kutoka nyuzi 25 hadi 50, na unaongeza karibu paundi 10 nyingine bila kugusa pampu. Ukuta mwembamba hautoi onyo. Mimi rimu ya mbele ilinipasukia nikiteremka daraja la Nyali kuelekea Kongowea, asubuhi, mkono ukiwa kwenye breki. Ulisikika mshindo mmoja, ukuta ukafunguka kama mfuniko wa kopo la samaki na ukajibana kwenye breki. Nilianguka upande wa kushoto. Ningeangukia upande wa pili, kulikuwa na matatu nyuma yangu. Rimu ile nilikuwa nimeitazama wiki moja kabla na kusema bado iko sawa, kwa sababu nilitazama tu, sikupima.

Kuna jambo moja linalowatisha watu bila sababu. Rimu za rangi ya kijivu kilichokoza za miaka ya 1980, zile za Mavic kwa mfano, hupoteza rangi pale breki zinapogusa na kuacha mstari mweupe. Kilichotoka ni ngozi ya juu tu. Pima kabla hujaihukumu.

Breki inakwaruza kama inasaga mchanga

Inasaga kweli. Kikulacho ki nguoni mwako: toa raba za breki, zigeuze juani, na utaona vipande vya alumini vinavyong'aa vimejipachika ndani yake. Vilitoka kwenye rimu na sasa vinairudia. Vichokoe kimoja kimoja kwa ncha ya sindano nene, kisha sugua uso wa raba kwa msasa mpaka ulainike. Raba iliyokaa miaka ikawa ngumu kama kwato, itupe. Inashika vibaya na inachimba vizuri. Ukifunga rimu mpya, funga na raba mpya. Sioni maana ya kununua rimu kisha kuipa raba zilizoua ile ya kwanza.

Breki inashika, inaachia, inashika

Zungusha gurudumu polepole huku umebana breki kidogo, na upige chaki pale inaposhikwa. Kuna vyanzo vitatu, na vinafanana mkononi lakini havilingani kwa hatari.

Cha kwanza ni kiungo cha rimu. Rimu ni bomba lililokunjwa likaungwa, kwa kawaida mkabala na tundu la valvu. Kama chaki imeangukia hapo na baiskeli ilikuwa hivyo tangu zamani, ni ngazi ndogo tu ya kiwandani. Isugue kwa msasa laini uliozungushiwa kibao.

Cha pili ni shimo la barabarani. Tairi likiwa na upepo mdogo, rimu hugonga lami na kuta zote mbili hutanuka mahali pamoja, na ukitazama kwa juu utaona rimu imebonyea hapo. Ikiwa kidogo sana unaweza kuirudisha kwa koleo lililofungwa kitambaa, mara moja tu. Alumini haipendi kukunjwa na kukunjuliwa, huvunjika.

Cha tatu ndicho cha kuogopa: ukuta mmoja umeanza kufunguka. Pima upana wa rimu kwa nje sehemu nane hivi tairi likiwa limejaa, toa upepo, kisha pima tena palepale. Sehemu inayotanuka kuliko nyingine tairi likijazwa imekwisha. Acha tairi bila upepo na urudi nyumbani kwa miguu.

Rimu imenyooshwa leo, kesho imepinda tena

Usikimbilie spana ya spoki. Safisha rimu na uchunguze kila tundu linalotokea nati ya spoki, kwa tochi ya simu na kioo cha kukuza kama unacho. Unatafuta ufa mwembamba kama unywele, unaoanzia tundu na kufuata mzunguko wa rimu. Ukipata mmoja, rimu imekufa, haijalishi kuta zake ni nene kiasi gani, kwa sababu spoki inang'oka taratibu na hakuna kunyoosha kutakakodumu.

Ukiona unga mweupe kuzunguka nati, hiyo ni kazi ya bahari. Nati ni ya shaba, rimu ni alumini, na chumvi ikiloa unyevu inavigeuza viwili hivyo kuwa betri ndogo. Katika betri hiyo, kinacholiwa ni alumini. Unga huohuo hugandisha nati isizunguke, ukilazimisha spoki inasokoteka kisha inakatika. Baiskeli zinazoshinda Mama Ngina au kuvuka Likoni kila siku msimu wa kusi huupata ugonjwa huu mapema kuliko za Changamwe. Osha magurudumu kwa maji ya bomba au ya mvua. Maji ya visima vyetu vingi hapa kisiwani yana chumvi, na mtu anayeosha baiskeli kwa maji hayo kila Jumapili anaamini anaitunza.

Kama hakuna ufa wala unga, tatizo huenda ni spoki zilizolegea. Na kama spoki zinakatika pale zinapopinda kwenye habu, hasa upande wa kulia wa gurudumu la nyuma, rimu haina kosa. Spoki legevu hukunjwa kidogo kila mzunguko mpaka chuma kinachoka. Zikishakatika tatu, badilisha zote za upande huo.

Pancha zinatokea upande wa ndani wa tyubu

Tundu likiwa upande unaotazama habu, miiba na vigae havihusiki. Ni utepe wa rimu. Ule wa mpira mwembamba hulainika kwa joto letu, tyubu ikaubonyeza ndani ya matundu mpaka ikachanika. Weka utepe wa kitambaa unaolingana na upana wa ndani wa rimu. Hakikisha pia kuwa hakuna ncha ya spoki iliyochomoza juu ya nati. Ikiwepo, ipige tupa.

Umeamua kubadilisha: namba za kujua kabla ya kutoa pesa

Ushauri utakaopewa na wengi ni kununua magurudumu mazima ya kisasa. Mimi siukubali kwa baiskeli hizi. Nafasi ya habu ya nyuma kwenye fremu za zamani ni milimita 120 kwa friwili (fungu la meno ya nyuma linaloshika mnyororo) ya gia 5, au 126 kwa gia 6 na 7. Gurudumu la barabara lililokuja baadaye lina 130. Utalazimika kuitanua fremu, na habu iliyozaliwa pamoja na baiskeli itaishia kwenye gunia. Ukibadilisha rimu peke yake, vyote hivyo vinabaki mahali pake, na spoki zikiwa zilezile, hata friwili huifungui.

Sasa ukubwa. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu majina ya ukubwa wa baiskeli hayasemi ukweli. Kijana mmoja wa Kisauni alikuja kwangu na rimu mpya inayong'aa, "Ami, duka limeniambia hii ni 28, na tairi langu limeandikwa 28, mbona haliingii?" Aliuziwa rimu ya 28 x 1½, ile ya Black Mamba, ambayo kipenyo chake pale tairi linapokaa ni milimita 635. Tairi lake lilikuwa 700C, ambalo pia huandikwa 28, na kipenyo chake ni 622. Kati ya hizo mbili kuna ya tatu, inchi 27, iliyokuwa ya kawaida kwenye baiskeli nyingi za mbio za Kiingereza na za miaka ya 1970, na hiyo ni 630. Kwa hiyo 27 ni kubwa kuliko mojawapo ya 28. Puuza inchi. Tafuta namba ya tarakimu tatu iliyopigwa ubavuni mwa tairi, mfano 32-630 au 25-622, na ununue rimu kwa namba hiyo.

Unaweza kuhama kutoka 630 kwenda 622, na kwa matairi kupatikana ni uamuzi wa busara. Lakini ubavu wa rimu utashuka milimita 4, na raba za breki lazima zishuke nazo. Kabla ya kununua, tazama mfereji wa breki ambamo raba hufungwa: je, kuna milimita 4 chini? Kama raba tayari ziko mwisho, baki na 630. Rimu ya Sun CR18, kwa mfano, imetengenezwa kwa 622 na kwa 630 pia.

Hesabu matundu ya spoki kwenye habu, mbele na nyuma, kila moja peke yake. Mengi ni 36, lakini Waingereza walipenda 32 mbele na 40 nyuma, na rimu ya 40 si ya kuokota njiani. Angalia tundu la valvu: valvu nyembamba ya mbio hupita tundu la milimita 6.5, ile ya aina ya gari huhitaji 8.5. Tundu dogo unaweza kulitoboa likue. Kubwa halirudi kuwa dogo.

Kipimo cha mwisho ndicho kinachoamua kama spoki zako zitatumika tena. Ni kipenyo cha rimu kutoka ncha ya spoki mpaka ncha ya spoki iliyo mkabala nayo, na watengenezaji hukiandika kwa herufi ERD. Chukua spoki mbili mbovu, zikate vichwa zibaki milimita 250 kamili kila moja. Zipitishe kwenye matundu mawili yanayotazamana, funga nati mpaka ncha ya spoki ilingane na sakafu ya mfereji wa bisibisi, zivute zikaze, upime pengo lililobaki katikati. Jumlisha 500. Rudia kwenye matundu mengine mawili, robo mzunguko kutoka hapo. Fanya hivyo kwa rimu mpya, na kwa ya zamani ukishaitoa, au tafuta namba yake ikiwa jina lake bado linasomeka. ERD zikitofautiana milimita 2, spoki inatofautiana 1 tu, na hiyo inabebeka. Zaidi ya 3 au 4, nunua spoki mpya. Spoki zenye kutu iliyokwangua ngozi yake usizihamishe hata kama urefu ni sawa. Zile za chuma kisichoshika kutu, zisizo na mikwaruzo, zitumie bila wasiwasi.

Kuhamisha spoki kutoka rimu hadi rimu

Tia tone la mafuta kwenye kila nati, ndani na nje, na ulale. Asubuhi legeza zote nusu mzunguko, kisha nusu nyingine, ukizunguka gurudumu zima. Usilegeze upande mmoja ukaisha kabla ya mwingine, rimu itajikunja. Spana ishike barabara, nati za shaba zikishaviringika kona zake utalazimika kuzikata.

Laza rimu mpya juu ya ile ya zamani, tundu la valvu juu ya tundu la valvu, uzifunge pamoja kwa utepe sehemu nne. Kisha tazama kitu ambacho wengi hukiruka: matundu ya rimu hayako mstari mmoja, moja limeelekea kushoto, linalofuata kulia. Kama la kwanza baada ya valvu halielekei upande mmoja kwenye rimu zote mbili, sogeza mpya kwa tundu moja la spoki, hata kama matundu ya valvu hayatalingana tena; kuigeuza hakusaidii. Ukikosea, kila nati itakaa imepinda na spoki zitaanza kukatika baada ya miezi.

Hamisha spoki moja moja kuanzia kwenye valvu. Tia mafuta kidogo kwenye uzi wake, ifunge mizunguko mitatu tu, nenda inayofuata. Zikisha zote, kata utepe, toa rimu ya zamani, na ukaze nati zote kwa bisibisi mpaka uzi wa spoki utoweke ndani ya nati. Hapo kila spoki inaanza mahali pamoja, na kazi iliyobaki inakuwa nusu.

Kunyoosha sihitaji stendi. Baiskeli kichwa chini, kipande cha njiti kimefungwa kwenye foku kikikaribia rimu. Kaza kwa nusu mzunguko, halafu robo. Kupanda na kushuka kwa rimu kushughulikie mapema, spoki zikiwa bado legevu kiasi, kwa sababu baadaye haitakubali. Kuyumba kwa kando rekebisha kwa kukaza upande mmoja na kulegeza wa pili. Kujua kama rimu iko katikati, toa gurudumu, ligeuze kushoto kuwa kulia, ulirudishe. Pengo na njiti likibadilika, rimu imeelemea upande.

Kisha bana spoki mbilimbili zinazokwenda sambamba, kwa mikono yenye glavu, kwa nguvu, gurudumu zima, na unyooshe tena. Rudia mpaka kubana kusibadilishe kitu. Zigonge kwa kucha usikilize: za upande mmoja ziimbe sauti moja. Nyuma, za kulia lazima ziwe na sauti ya juu kuliko za kushoto. Huo si ubovu. Friwili inachukua nafasi, na spoki za upande huo zinasimama wima zaidi.

Rimu mpya, malalamiko mapya

Gurudumu linatoa milio ya "ting, ting" mita chache za kwanza: spoki zilisokoteka ulipokaza nati, sasa zinajinyoosha. Linyooshe tena kidogo. Milio isipokwisha, hukubana spoki vya kutosha.

Raba inagusa tairi: ulihama kutoka 630 na hukuishusha raba, au umeishusha upande mmoja. Hili lishughulikie kabla ya kutoka mlangoni, raba hukata tairi kwa safari moja.

Rimu inapanda sehemu moja na haishuki hata ukikaza: tazama kama sehemu hiyo ni kwenye kiungo. Usiikaze spoki mpaka ipige kelele ili kushinda milimita moja. Ukaze usiolingana ni mbaya kuliko mruko mdogo ambao tairi litaumeza.

Tairi haliketi sawa: rimu nyingi za zamani kuta zake zimesimama wima bila mdomo wa ndani, mpya ina mdomo. Tairi lako la zamani huenda limetanuka. Paka maji ya sabuni ukingoni, jaza kidogo, zungusha uone kama mstari wa tairi uko sawa pande zote, ndipo uongeze. Na ikiwa gurudumu la pili bado lina rimu ya kuta wima, usilijaze kama hili jipya. Mimi langu silipitishi paundi 70.

Baada ya kilomita 50 hivi, irudishe kwenye njiti uipime upya. Kabla ya kufunga tairi kwa mara ya mwisho, andika kwa kalamu ya wino juu ya utepe wa rimu tarehe na unene wa kuta uliopima siku hiyo, kushoto na kulia.